Jogoo wa Kukombolea Lenzi

Mtani wangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimenuna, kwa hiyo nivumilie. Mkeo kanipigia simu asubuhi hii. Anakuja Jumapili baada ya misa, na anakuja na jogoo. Unajua jogoo huyo ni wa nini. Anakuja kukomboa zile lenzi zako tatu nilizozinyakua siku ya msiba wako, na mimi sitaki kuzirudisha. Nimekwambia wewe kwanza kwa sababu nikimwambia mtu aliye hai ataniona mwizi.

Najua unavyocheka huko uliko. Mngoni yeyote akisikia Msukuma kabanwa, lazima acheke.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa siku ile, maana ulikuwepo lakini hukuwa na nafasi nzuri ya kuona. Ulikuwa umelala sebuleni kwako, na nyumba nzima ilikuwa kimya mno. Mkeo alikuwa hajasema neno tangu juzi yake. Watu wa kwenu walikuwa wameinamisha vichwa. Nikajiambia, Mngoni huyu hawezi kuzikwa hivi, kana kwamba hana watani. Nikaingia chumbani, nikavaa kile kizibao chako chenye mifuko kumi na mbili, nikabeba mguu wa kamera, nikatoka kuwapanga waombolezaji kama ulivyokuwa unawapanga wateja. "Kidevu chini! Bega la kushoto mbele! Usipumue mpaka nikuruhusu!" Mtani, hakuna aliyekuwepo pale ambaye hujawahi kumkataza kupumua. Walianza kucheka kwa kujizuia, kisha wakashindwa.

Ndipo nikaliona kopo lako la biskuti juu ya kabati, lile la lenzi. Nikalichukua, nikaliweka mlangoni, nikalikalia. Nikasema maiti haitoki hapa mpaka Msukuma apewe jogoo. Mkeo akacheka, mtani. Alicheka mpaka akashika ubavu, halafu akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza, na wanawake wakamzunguka. Kaka yako akaniambia, "Mtani, tunakuomba sana, tuachie ndugu yetu tukamzike. Jogoo wako tutaleta." Nikainuka. Wewe ukaenda zako makaburini, na mimi nikaenda na kopo nyumbani.

Jogoo hakuja. Arobaini ikapita hakuja. Mwanzoni nilikuwa nakumbusha kwa utani, baadaye nikaacha kukumbusha. Kusema kweli nilianza kuomba wasahau.

Wewe ndiye wa kulaumiwa. Miaka yote ile tulipogawana baraza moja pale Mwananyamala, mlango wa studio yako na mlango wa cherehani yangu, ungeniacha nishone magauni yangu kwa amani. Lakini kila Jumamosi asubuhi ulikuwa unakuja kuomba kipande cha kitambaa safi, unakitandika dirishani, unapanga lenzi zako juani. Ulisema unyevu wa Dar unaziotesha ukungu ndani, na jua ndilo dawa.

"Leo umeanika dagaa wangapi?" nilikuwa nakuuliza.

"Watatu. Na huyu mrefu usimguse, Msukuma wewe, mikono imezoea jembe hiyo."

Halafu saa hiyohiyo unaniita nije kushika. Nakumbuka ile siku umeme ulikatika, studio ikawa giza, ukafungua dirisha kidogo tu. Ulinipa lenzi tupu, bila kamera, ukasema niielekeze dirishani na nyuma yake nishike karatasi nyeupe. Nikasogeza karatasi mbele, nikarudisha nyuma kidogo, na mara Mwananyamala nzima ikaja kwenye karatasi yangu. Muuza machungwa, mti wa mwarobaini, bati jekundu la jirani, rangi zote, na watu wakitembea kichwa chini miguu juu. Nilipiga kelele. Ulicheka ukakaa chini. Ukaniambia, "Unaona? Kamera ni sanduku tu. Anayeona ni huyu hapa."

Maneno hayo umesema wewe kwa mdomo wako, nataka uyakumbuke. Maana kamera yako ilipokufa, pazia la ndani limechanika na hakuna fundi aliyekuwa tayari kuigusa, nilikwambia utafute kamera ya kisasa ya kampuni nyingine uvalishe lenzi zako. Ukanijibu kama mshenga aliyetukanwa.

"Lenzi hizi zina ukoo wake. Ukiziozesha nje, hazioni."

"Mbona wewe umeoa Mchaga wa Rombo na unaona vizuri tu?"

Mkeo akajibu kutoka nyuma ya pazia la studio: "Anaona wapi huyo? Jana kaenda kanisani na kandambili."

Ukakasirika na wote wawili. Wateja nao walishakwisha, kila mtu ana simu mfukoni. Lakini Jumamosi uliendelea kuzianika lenzi zisizopiga picha, na sikuwahi kukuuliza kwa nini. Ningependa ningekuuliza.

Sasa sikia nilichofanya. Mteja wa siku hizi hataki kuja kupima gauni kabla hajaliona kwenye simu. Picha zangu za simu zilikuwa zinafanya kitenge kionekane kama karatasi ya kufungia maandazi. Nikaenda Kariakoo, nikanunua kamera iliyotumika, ya kampuni ambayo wewe ungeitemea mate. Ni ile aina isiyo na kioo ndani. Nikamtolea muuzaji lenzi yako fupi kutoka kwenye pochi, nikamuuliza kama kuna dawa. Akaniletea pete ya chuma, nyepesi, ndani haina kioo wala waya. Ndiyo adapta. Upande mmoja unaingia kwenye lenzi, upande mwingine kwenye kamera. Akanieleza kwamba kamera hizi, kwa kuwa hazina kioo kile cha ndani cha kugeuza picha, ni nyembamba, na lenzi za zamani zilizoea kukaa mbali kidogo na filamu. Hiyo pete inajaza ule umbali. Nikaelewa mara moja. Mabega ya koti ya mteja yakilala si unayawekea pedi?

Nikafika nyumbani, nikavalisha, nikabonyeza. Kamera ikagoma. Ikaandika kwenye kioo chake kwamba hakuna lenzi. Lenzi ipo, naiona, nimeishika, kamera inasema haipo. Mtani, nilisema kwa sauti peke yangu chumbani, "Mngoni, acha utani." Nilidhani kweli ni wewe. Nikampigia muuzaji.

"Mama, lenzi yako haina umeme, kwa hiyo kamera haijui kama kuna kitu mbele," akasema. "Ingia kwenye menyu, kuna sehemu ya kuiruhusu ipige bila lenzi. Weka ndiyo."

Nikaweka ndiyo, ikapiga. Nilicheza dansi peke yangu.

Mteja wa kwanza alitoka kule Wazo, bibi harusi mkimya, gauni la lesi lililonichukua wiki tatu. Nikafungua mpaka mwisho ile pete ya lenzi inayopitisha mwanga, kwa sababu nilipenda kelele zake, tik tik tik. Picha zikatoka nzuri sana, ila kilichoonekana kwa ukali ni sikio lake la kushoto. Lesi yangu yote ilikuwa ukungu mtupu. Akaniuliza kwa upole kama mimi nauza masikio. Nilirudia kwa kuifunga ile pete mpaka kwenye namba nane, kama ulivyokuwa unafunga wewe bila hata kuangalia, na lesi ikatokea ua kwa ua.

Tangu siku hiyo sijaigusa tena ile lenzi ya kisasa iliyokuja na kamera. Ina haraka. Kabla sijaamua nataka nini, yenyewe imeshaamua. Yako lazima niizungushe kwa mkono, taratibu, kamera ikinisaidia kwa kuchora vistari vyekundu pale palipokaa sawa, na wakati nazungusha mteja anachoka kujikaza. Mabega yanashuka, mdomo unalegea. Hapo ndipo napiga. Sijawahi kumkataza mtu kupumua.

Na kuna mahali kwenye pete ya lenzi ndefu rangi imefutika, ukubwa wa kidole gumba chako. Kidole changu kinaingia pale. Nakukumbuka sana, mtani, na sina wa kumtukana pale barazani. Studio yako sasa inauza vifuniko vya simu. Kijana wa pale ana adabu mno, ukimchokoza anasema samahani.

Ndiyo maana simtaki huyo jogoo.

* * *

Nimeiacha barua tangu Ijumaa. Leo ni Jumapili jioni, na mkeo ameshaondoka. Nakueleza yote.

Alikuja nyumbani kwangu peke yake, amevaa kanga za kanisani, jogoo katoa kichwa kwenye kikapu. Nikajaribu njia ya mwisho iliyobaki, kumkataa jogoo.

"Mama Asteria, hiki ni nini? Kifaranga kimevaa kilemba?"

"Mama Kulwa, usianze."

"Tena ana miguu ya Kingoni, ya kukimbilia vita. Huyu simpokei."

"Utampokea," akasema, na akamtoa akanikabidhi mikononi. Alikuwa jogoo mkubwa, mwekundu, mzito. Hakuwa na kasoro hata moja. Nikamfunga mguu wa meza ya cherehani.

Nikamuuliza kwa nini leo, baada ya mwaka na zaidi. Akaniambia alikuwa Songea kwa misa yako ya mwaka. Dada yako akamuuliza, mtani mlimpa nini siku ile? Akajibu hatukumpa kitu, lenzi anazo mpaka leo. Dada yako akashika kichwa. "Kasema basi kaka yake hajaondoka," mkeo akaniambia, macho chini. "Yupo hapohapo mlangoni, kakaliwa na Msukuma juu ya kopo. Kasema nisipozikomboa, msiba haujaisha."

Nilifuata kopo, nikaliweka mezani. Lenzi mbili zilikuwa ndani, ile fupi ilikuwa kwenye kamera. Nikamwomba kitu kimoja tu, nimpige picha moja kabla sijaifungua. Akakubali, akakaa kwenye kigoda mlangoni, akajikaza kama ulivyowafundisha wote. Nikazungusha pete. Nikazungusha tena, wala haikuwa na haja, nilikuwa nachelewesha tu. Jogoo akapiga kelele, mkeo akageuka kumwangalia, nikapiga.

Aliiangalia ile picha muda mrefu. "Mbona nimenenepa?" akauliza. Kisha, baadaye kidogo: "Hivi ndivyo alivyokuwa ananiona?"

Nikamwambia ndivyo.

Nikaifungua lenzi kutoka kwenye adapta, nikampa. Akaipuliza vumbi kama ulivyokuwa unapuliza wewe. Akasema, "Basi. Mali ya mume wangu imerudi. Nashukuru, Mama Kulwa." Nikajibu asante, nikainama kuokota sindano ambayo haikuwepo sakafuni, asinione machozi.

Akawa amesimama. "Nilitaka nikupe," akasema. "Nimekuja njia nzima nawaza nikishazikomboa nikupe. Wifi kanikataza. Kasema mtani hapewi kitu. Ukimpa umeshamfanya mgeni. Mtani anachukua mwenyewe."

Sikumwelewa, mtani.

"Huyu jogoo wako kanichafua," akasema kwa sauti kubwa, kana kwamba nilikuwa nyumba ya pili. "Naenda jikoni kwako kunawa mikono. Nitachelewa. Nikirudi nisije nikakuta mtu kagusa mali ya mume wangu!"

Akaingia jikoni, akafungua bomba mpaka mwisho, na akaanza kuimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya juu kabisa. Nimemjua miaka kumi na tisa, hajawahi kuimba kwa nguvu vile.

Nikaiba. Mchana kweupe, nyumbani kwangu mwenyewe, kama mwizi wa kweli. Nikafungua kopo, nikakuta lenzi mbili. Ile fupi haikuwemo. Nikageuka mlango wa jikoni, nikamwona mgongo wake na pindo la kanga limefungwa fundo kubwa kiunoni, la mviringo kama lenzi. Nikazificha hizo mbili chini ya marobota ya vitenge, nikarudisha kifuniko, nikakaa kwenye cherehani nikijifanya natunga uzi.

Alirudi anafuta mikono. Akalinyanyua kopo. Halikuwa na kitu ndani, mtani, lilikuwa jepesi hata upepo ungelichukua. Akalishusha tena mezani, akashika kiuno, akahema.

"Mzigo mzito huu," akasema. "Nisindikize."

Basi nikashika upande mmoja, yeye akashika mwingine, tukalibeba kopo tupu mpaka barabarani, taratibu, tukipumzika kila nyumba ya tatu, na watu wa Mwananyamala wakitupisha njia na kutupa pole.

Msiba wako umeisha, Mngoni. Nenda sasa, pumzika. Na lenzi ukizitaka, njoo uzidai mwenyewe.

Mtani wako wa mlango wa pili,
Msukuma mwizi