Keki ya Mbuzi

Salma mjukuu wangu,

Marahaba, salamu zako zimenifika hapa Mji Mkongwe. Babu yako mzima, ila ananuna: nazi zote nnazimaliza mimi!

Unauliza nnapata nini kwa kujitolea kuoka keki za watoto yatima. Basi sikiliza! Juzi Zuhura, anayetimiza miaka saba, aliomba keki ya mbuzi. Nikamtengenezea mbuzi mwenye pembe na ndevu za nazi. Akaguna.

"Si mbuzi huyu, Bibi! Mbuzi ya kukunia nazi, kama ya Mama!"

Lo! Nikakata pembe mbio mbio, nikachomeka kijiko mdomoni kiwe chuma cha kukunia. Zuhura akakaa nyuma yake, akajifanya anakuna, huku anacheka. Kisha akaninyooshea kiganja kitupu.

"Onja, Bibi. Mama alikuwa akinionjesha."

Nikaonja. Wallahi, Salma, nazi ile ilikuwa tamu!

Bibi yako