Mzee Bhaskar na maua ya Vasudha

Eti AMEKUBALI! Mzee Bhaskar, aliyeapa kwamba programu yake ya benki haiguswi, amekubali!!

Vasudha, yule mwandishi mpya wa programu ofisini kwetu, alimwambia, "Mzee, ya zamani ibaki ilivyo. Mambo mapya tuyaandike pembeni, kwa mtindo mpya." Mzee akacheka tu: "Andika, mwanangu."

Shoga, mbishi vile akubali bure? Vasudha akawa anakagua kila mstari akitafuta mtego.

Leo ni ile sikukuu ya Kihindu ya kubariki vifaa vya kazi, na ofisini tumeviombea vyetu. Kila mwaka mzee huivisha maua kompyuta yake tu. Leo kaivisha ya Vasudha! YA VASUDHA!

"Mzee, unanibariki au unanizika?"

"Ninaaga, mwanangu. Nastaafu. Na ile programu ya zamani utaitunza wewe."

Kumbe mtego ndio huo, na hakuna mwingine anayeijua!! Vasudha akamjibu… aa, hilo kesho, mbavu zinaniuma kwa kucheka.