Uvimbe Ambao Haukuwepo

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Kiwanda cha Kufulia.
9 Juni

Mpendwa mdogo wangu Kitindamimba,

Pokea salamu za nyumba hii nzima, kuanzia mimi hadi paka. U hali gani huko uliko? Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua ukiinama umetulia? Nilisikia mafua yaliwalaza wote kwa zamu, na shemeji ndiye aliyelalamika kuliko watoto. Nakutaja kila asubuhi katika maombi yangu, wewe na wanao, nikimwomba Mungu awape afya na usingizi mzuri.

Sisi huku ni wazima. Baba watoto ana jino linalomtesa, lakini anamwogopa daktari wa meno kuliko anavyoniogopa mimi, kwa hiyo anatafuna upande mmoja na kujifanya hana shida.

Na mimi pia, mdogo wangu, siumwi ugonjwa wa kufa. Sina uvimbe tumboni. Sijawahi kuwa nao. Ndiyo sababu nimekaa na kalamu badala ya kukupigia simu, maana kwenye simu ningelia, nawe ungelia, na salio lingekwisha kabla sijasema neno la maana. Zile pesa ulizomtumia wifi yangu kwa ajili ya operesheni yangu, ulizitoa kwa ugonjwa ambao haupo. Operesheni ipo. Uvimbe haupo. Naomba usome hadi mwisho kabla hujakasirika.

Unakumbuka nilivyokuwa. Viatu nilivalishwa, na kwenye viti vya plastiki nilikaa nikiwa nimejishikilia mezani. Sukari ilipopanda, daktari alinitisha kweli, nami nikatishika. Nikaacha soda, nikaacha mikate, nikaanza kwenda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu. Leo nusu ya dada yako haipo tena. Watu walinipongeza mno. Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba mafuta huondoka na kukuachia mfuko wake. Tumbo langu ni kama foronya iliyotolewa mto. Linaning'inia hadi mapajani. Nikikaa, nalipakata kama mtoto wa mtu.

Kwa umri huu urembo siuhitaji, na ningelivaa tu hilo tumbo hadi siku ya kuitwa. Shida iko chini yake. Ngozi inasugua ngozi, inachubuka, inatoa majimaji, na inanuka. Nakuandikia wewe kwa sababu tulioga beseni moja. Wajua kazi yangu, nasimama kwenye rola ya pasi tangu asubuhi, mashuka ya hoteli yanaingia mabichi upande huu na kutoka makavu upande ule, na mvuke wote unaishia kwangu. Ikifika saa za mchana nguo imegandana na kidonda. Siku moja nilikuta mtu ametundika chupa ya marashi kwenye msumari wangu wa koti. Hakuna aliyesema ni nani. Wote walikuwa wakikunja mashuka kwa bidii ya ajabu.

Jioni baba watoto ndiye anayenisaidia. Ananiambia, "Haya mama, nyanyua mzigo wako," mimi nanyanyua, yeye anakausha kwa taulo laini na kumimina poda. Hajawahi kukunja uso. Mimi ndiye ninayekunja.

Daktari wa hospitali kubwa alisema dawa ya kudumu ni kuikata hiyo ngozi. Bima ikasema hailipi, kwa maelezo kwamba huo ni urembo. Mdogo wangu, nilitamani nimwinulie nguo yule karani pale dirishani aunuse huo urembo.

Ndipo nikaenda kwenye ile kliniki ya kulipia. Makochi meupe, maji ya kunywa yana vipande vya limau, na hewa inanukia kama duka la manukato. Niliyedhani ni daktari kumbe ni kijana wa kutafuta wateja, viatu vyake vimechongoka mbele. Alilinyanyua tumbo langu kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota tambara lililodondokea chooni, huku mkono wa pili ukijibu ujumbe kwenye simu. Akanichora mistari kwa kalamu nzito.

"Hili tukiliondoa, mama, mzee atakuona mpya," akasema.

"Mzee hana malalamiko," nikamwambia. "Mwenye malalamiko ni mimi."

Alipotaja bei nilishika ukuta. Akaniona, akashusha sauti, akasema kuna punguzo kubwa kwa anayekubali kupigwa picha kabla na baada ya kazi, ziwekwe mtandaoni wateja wengine wavutike.

"Uso hatuonyeshi, mama. Tumbo tu."

"Sasa mwanangu, uso mbona natembea nao kila siku? Hilo tumbo ndilo ninalolificha."

Nilirudi nyumbani nikaoga mara mbili na ile mistari haikutoka.

Wifi mkubwa, dada yake baba watoto, alipoisikia habari hiyo akasema nimwachie yeye. Wajua ndiye mhazini wa michango ya ukoo, na kwa kukusanya pesa hana mpinzani, angeweza kumchangisha hata jiwe. Nikamwachia. Mimi sipo kwenye lile kundi la simu, simu yangu ni ya kubonyeza. Nikaona tu wifi ananiletea pesa, za ndugu, za kanisani, hadi za watu tusiosalimiana nao. Nikasema moyoni, kumbe watu wananionea huruma kiasi hiki kwa ngozi. Nilimshukuru Mungu kwa machozi. Kosa langu ni kwamba sikuuliza wameambiwa nini.

Nilijua siku kina mama wa maombi walipokuja. Walivua viatu mlangoni, wakanilaza kwenye kochi, wakanizunguka. Kiongozi wao tunamwita Radi kwa sababu ya sauti yake. Aliniwekea kiganja tumboni juu ya gauni, akafumba macho, akaanza: "Wewe uvimbe, nakuamuru uyeyuke."

Mimi nikafumbua macho. Nikamtafuta wifi. Yeye alikuwa ameyafumba yake kwa nguvu mpaka kope zinatetemeka.

Sasa fikiria, Radi anakandamiza, na ngozi yangu ikikandamizwa huhama. Inateleza upande wa pili, ndiyo tabia yake. Radi akapaza sauti, "Unasogea. Kina mama, unasogea, nimeushika." Mwingine akatia mkono wake. "Kweli, umekuwa laini." Wa tatu akasema haupo tena, umekwisha kabisa. Wakaimba, wakalia, wakanikumbatia, na mmoja akanikanyaga kidole. Radi akapanga hapohapo kwamba Jumapili nitoe ushuhuda mbele ya kanisa lote.

Walipoondoka nikamfuata wifi jikoni.

"Wifi, uvimbe gani?"

"Ulitaka niandike nini? Jamani tuchangie ngozi?"

"Ungeandika ilivyo."

"Ilivyo ingekuletea pole na vipande vya sabuni. Watu hawatoi kwa kidonda cha kunuka, wifi. Wanatoa kwa kitu cha kuua. Mimi nimekufanyia mpango, wewe unanihoji kama polisi."

"Na Jumapili je?"

"Jumapili sema umepona. Baadaye tutasema daktari anataka kukata mabaki."

"Mabaki ya nini?"

Alicheka, mdogo wangu. Alikuwa anakula huku anaongea, akalamba kidole, akaniambia nisijifanye mtakatifu wakati tarehe ya operesheni ameshaiweka na malipo ya kwanza ameshayapeleka kliniki. Tumbo langu nililizoea. Jina la Mungu kutumiwa kama ndoana ya kuvulia pesa za wajane, hilo sitalizoea.

Jumapili nikaitwa mbele. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yote yakanitoka. Nikashika kipaza sauti nikasema tu kwamba sina uvimbe na sikuwahi kuwa nao. Nikasema nina ngozi iliyobaki baada ya kupungua, ina vidonda, na mama aliyeniombea aliishika hiyo.

Radi akasimama palepale kwenye benchi. "Lakini nilihisi kitu kinasogea."

"Kinasogea kila siku, mama. Hata nikipanda ngazi."

Kwaya ikacheka, wale wa sauti nene nyuma. Kisha wakakumbuka walipo. Nikasema anayetaka pesa yake aje aichukue, na nikaomba radhi kwa jina la nyumba yetu. Wifi sikumtaja. Hakuna aliyehitaji kutajiwa.

Nje walipanga mstari, nami nikafungua mkoba niliotunzia michango. Fundi viatu alichukua yake huku anaangalia chini, ana ada za watoto, sikumwona vibaya hata kidogo. Walioniudhi ni wawili walionivuta pembeni wakaniomba niwaonyeshe kidogo, waone likoje. Watu wametoka kupokea baraka dakika hiyohiyo. Mchungaji naye alinishauri kwamba ukweli mwingine ni wa ofisini, si wa madhabahuni. Nilimjibu kwa heshima kwamba uongo ndio ulioandaliwa madhabahuni. Mama mzee anayefagia kanisa aliniuliza kitu kimoja, "Inauma?" Nikasema inauma. Akasema, "Basi mimi sichukui," akaenda zake kutafuta fimbo yake.

Wifi hasemi nami. Baba watoto siku ile alinikasirikia kwa kumwaibisha dada yake, akala bila kuniangalia. Lakini ilipofika saa ya taulo akaja, amenuna, na taulo begani.

Sasa nisikilize vizuri. Wengi wamechukua pesa zao na wana haki. Wachache wameacha. Nikijumlisha na akiba yangu na ile pesa yako, inatosha kumalizia malipo bila kupigwa picha. Nikiitoa yako, haitoshi, na tarehe ikipita kliniki hairudishi malipo ya kwanza. Yule kijana wa viatu vilivyochongoka anapiga simu kila baada ya siku mbili kunikumbusha punguzo la picha. Nimeshamwambia nitabaki na tumbo langu kuliko kulifanya bango.

Pesa yako wifi alibaki nayo, sasa amenikabidhi, nimeifunga kwenye bahasha na sijaigusa. Alinitupia na maneno yake ya mwisho kwangu, kwamba uliuza cherehani kuipata. Kwa hilo sikulala. Uliuza cherehani ukidhani unamwokoa dada yako asife, na mimi sifi. Nachubuka na nanuka, basi. Cherehani ni mkate wa wanao. Ukisema irudi, itarudi yote, nami nitaendelea na poda na rola hadi nikusanye upya, na upendo wangu hautapungua hata chembe. Ukisema ibaki, nitaingia chumba cha operesheni nikijua umeitoa kwa kitu unachokijua. Nisichotaka ni ukae kimya kwa kunionea haya, halafu mimi nichukulie kimya chako kuwa ndiyo. Nimeshashiba pesa za namna hiyo.

Nisalimie sana shemeji, mwambie apunguze kulalamika. Msalimie Kibogoyo, natumaini meno yameota, na yule dada yake mwenye maswali. Mfikishie shangazi salamu zangu, na kama naye alichangia, msomee barua hii yote bila kuruka mahali. Mungu awafunike, awape riziki isiyo na lawama, na milango yenu ibishwe hodi na watu wema tu.

Tarehe ya kliniki ni mwisho wa mwezi huu. Tafadhali nijibu upesi, irudi au ibaki.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu ukiwa mgongoni mwangu,
Mama Rola