Uliyoniuliza Kuhusu Gemu la Hamdan

Vitongoji,
Chake Chake, Pemba.
9 Februari 2025

Mpendwa ndugu yangu Maher, mtoto wa ami,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Alya na watoto. Kile kifua chako kilichokuwa kikikusumbua kimekuwaje? Sisi huku tunapumua, alhamdulillah. Mama presha yake inapanda na kushuka, lakini anasali kwa kusimama na chakula anakula akilazimishwa.

Barua anakuletea Bi Shadya, anayekuja huko Maskati kwa mwanawe. Ningeweza kukupigia simu, lakini kila nikikupigia tunaishia kulia sote wawili, na simu inakatika bila ya neno la maana kusemwa. Leo nimekaa barazani, Mama kajilaza ndani, nikaona bora niandike.

Huku mvua za vuli hazikutosha, muhogo umetoka mdogo. Shamba la babu tumewaachia majirani wachume karafuu. Hakuna kwetu aliyetaka kwenda.

Sasa nije kwenye uliloniuliza kwa simu siku ya hitma, kama ile mashine ya gemu uliyompelekea Hamdan ndiyo iliyomuua. Najua neno hilo limetoka wapi, maana lilisemwa hapa hapa msibani na mimi nikalisikia kwa masikio yangu. Sitakujibu kwa kukupoza. Nitakueleza yalivyokuwa.

Unajua kwamba tangu tawi la mkarafuu lilipovunjika naye, msimu wa mwaka juzi, kaka yangu hakuhisi kitu kuanzia kiunoni kwenda chini. Usilolijua ni alivyokuwa kabla mashine haijafika. Alikuwa akilala kaelekea ukutani. Wageni wakija kumtazama anafumba macho mpaka waondoke. Pandu, mwenzake wa kuchuma karafuu, ndiye aliyembeba kutoka chini ya mti hadi barabarani. Naye alikuja, akatoa salamu, hakujibiwa, akaondoka kainamisha kichwa. Baadaye akaacha kuja.

Mashine ilipofika Mama alinuna. Alisema mtu mwenye ndevu zake haletewi midoli. Hamdan mwenyewe aliijaribu kwa heshima yako tu. Lile gemu la kwanza, la shujaa anayeruka angani na risasi hazimwingii, hakudumu nalo. Nilishangaa, maana kwangu mimi shujaa ndiye huyo. Akaniambia kwamba mtu asiyeumia hana la kufanya. Unabonyeza, maadui wanalala, na moyo wako uko pale pale ulipokuwa.

La pili ndilo lililomgeuza kutoka ukutani. Lile la shujaa anayekwenda paa kwa paa kwa kamba yenye kulabu. Mimi nilikuwa nikikaa karibu yake na ungo wangu, nachambua karafuu, na bila kutaka nikawa natazama. Mwanzo yule shujaa alikuwa akianguka kila mara. Kamba ukiiachia mapema anagonga ukuta, ukichelewa anarudi nyuma. Hamdan akawa anarudia na kurudia, kauma mdomo, mpaka vidole vikajua vyenyewe. Siku alipovuka mji mzima bila kugusa chini, alinipa ile rimoti niishike. Shujaa alipotua ikatetemeka kiganjani mwangu, nikashtuka kama nimetua mimi. Kaka yangu akacheka. Maher, nilikuwa nishasahau meno yake yalivyo.

Kupigana hakukumpendeza sana. Alichopenda ni kuwateremsha watu kutoka kwenye majumba yanayoungua. Alikuwa akiwachagulia njia, akipima kamba kabla, na akishamweka mtu chini hupumzisha mikono kidogo, kama mchumaji anayeshusha kikapu. Siku moja nilimwuliza utamu wenyewe uko wapi, maana jasho linamtoka na hapati chochote. Akasema:

"Humu nikianguka najua kosa langu, nainuka nalisahihisha. Kule mkarafuuni, Asma, mimi sikukosea kitu."

Niliendelea kuchambua.

Baada ya hapo alimwita Pandu. Alinituma mimi nikamwambie aje, na Pandu alikuja mbio na viatu mkononi. La mti hawakulizungumza hata kidogo. Walikaa wanapokezana rimoti, wanabishana juu ya mapaa, na Pandu akawa anakuja kila baada ya Alasiri. Hata Mama alianza kuwawekea chai.

Lakini kucheza kunataka kukaa, na kukaa ndiko kulikomdhuru. Hospitali walituonya tumgeuze geuze, asikae vile vile kutwa, kwa sababu nyama isiyohisi haijui kulia. Tulimgeuza. Tukitoka chumbani anajivuta, anakaa tena. Mama ndiye aliyegundua kidonda, kwa harufu, alipokuwa akimbadilisha shuka. Kilikuwa kimeshachimba ndani. Nesi alikuja kukisafisha, akasema wazi kwamba kijana huyu asipolala kwa ubavu hatakiona kikipona.

Mama akaitoa ile mashine, akaifungia kabatini, ufunguo akautia kifuani. Hamdan hakugomba. Alirudi ukutani. Chakula akawa anakirudisha kama kilivyokwenda, na Pandu akija anamkuta kafumba macho. Nikamsihi avumilie mpaka kidonda kifunge. Akanijibu bila kugeuka:

"Kupona kwenyewe ni kupona niutazame huu ukuta. Nishautazama."

Mama alikuwa mlangoni, akasikia. Alikwenda kusali. Alipomaliza alifungua kabati mwenyewe, akairudisha mashine mezani, na akamwekea mito mwanawe akae vizuri. Ndugu yangu, hilo ndilo ambalo watu wa msibani hawalijui, na wewe usimwambie mtu. Wanadhani tulizembea.

Homa ilimpanda wiki chache baadaye. Hospitali walisema sumu imeshaingia kwenye damu. Alifariki Ijumaa, jua limeshapanda, Pandu kamshika mkono huu na mimi huu.

Kwa hiyo, Maher, kukaa kulimuua, na gemu ndilo lililomkalisha. Siwezi kukwambia vyengine. Lakini yule niliyekuwa nikimpelekea uji akiwa kaelekea ukutani alikuwa ameshatuondokea kabla, na ile mashine yako iliturudishia kwa muda. Yepi mazito zaidi, sijui. Mama naye hajui, na ndiyo maana halali.

Juzi Pandu alikuja kutujulia hali. Mama akaniambia niiwashe mashine. Nilidhani nimesikia vibaya, maana tangu mazikoni alikuwa hata chumba kile haingii. Niliiwasha. Yule shujaa alikuwa amesimama juu ya jengo refu, peke yake, kwenye upepo, pale Hamdan alipomwacha. Mama akavuta kigoda, akakaa, akamtazama kwa muda mrefu.

Nilitaka kuizima. Mama akanizuia.

"Kwanza mteremsheni," alisema.

Mimi gemu siliwezi. Pandu akachukua rimoti, akamshusha taratibu, paa baada ya paa, hakumrusha hata mara moja, mpaka nyayo zikagusa barabara. Mama akatikisa kichwa kukubali. Ndipo nikazima.

Nisalimie sana wifi Alya, umbusu Nasor mdogo na dada zake. Mama anakusalimu, na anasema usiilaumu nafsi yako, kwani ulimtendea wema mwanawe. Pandu naye anakusalimu ingawa hamjaonana. Mwenyezi Mungu amlaze Hamdan pema, akutunze wewe ugenini, na atufikishe sote Ramadhani tukiwa na nyoyo zilizotulia.

Ni mimi dada yako, mtoto wa ami yako, nikupendaye vile vile,

Asma