Nukta ya Baba Yake Radojka

Desanka, weka chini kahawa! Radojka katoka kutetea tasnifu yake, mbavu sina!

Alichora mstari wake kwenye grafu, unapanda vizuri: rakija, ile pombe kali ya matunda, ikikaa zaidi pipani, waonjaji huipa alama zaidi. Profesa akauliza, "Binti, ukiitoa nukta hii moja ya juu kabisa?"

Akaitoa. Mstari ukalala chali, shoga! Uhusiano hakuna! Digrii anaiona ikiondoka.

"Rakija ya nani hiyo ya juu?" profesa akauliza.

"Ya… baba."

Baba mtu akasimama kule nyuma: "Si nilisema haina mwenzake!"

Ukumbi hoi. Profesa naye: "Umepima, umekuta hakuna, na hujatuficha. Umefaulu. Mzee, umekuja nayo?"

Alikuja nayo! Jopo zima la maprofesa limeshaionja, linaimba huku.