Mwanafunzi Anayenizidi Umri

Kinole, Jumapili. Miezi mitatu tangu nitoke Bungoma.

Dada Nekesa, hamjambo huko? Mgongo unaniuma, lakini nina furaha. Wanafunzi wangu wa uashi walikuwa wamenigomea kimyakimya, karibu nifukuzwe. Mpishi wa shule ndiye aliyeniambia kosa langu: Mama Fidelia, mwanafunzi wangu, ananizidi umri, nami kila asubuhi namwambia tu, "Leta mchanga!"

Ijumaa nikaanza na yeye. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Kumbe hata Kenya mnalelewa!"

Darasa zima likaangua kicheko. Kufika mchana ukuta ulikuwa usawa wa madirisha, na mimi nimeletewa mkungu mzima wa ndizi. Mkuu ameniongezea mkataba!

Wabusu watoto. Krismasi nakuja, ila kuwasalimu tu, kisha narudi kwa wanafunzi wangu.

Kaka yako, Wafula