Mashine Yako Imemhukumu Rosa

Makere,
S.L.P. 40,
Kasulu.
12 Machi, 1998.

Mpendwa kaka Venanti,

Hujambo huko Ujerumani? Wifi Claudine na watoto ni wazima? Baridi imepungua? Sisi afya tunayo na maharage yameshika vizuri, ila roho hazijatulia. Nisamehe mwandiko, naandika haraka.

Unaikumbuka ile mashine ya kwanza uliyoitengeneza chuoni, ukamletea baba ili aelewe kazi yako ya kunasa chembe ndogo? Ulitia betri ikalia tik, tik, ukatueleza kwamba kila mlio ni chembe moja imepita, na kwamba nyingine zinatoka angani zikipenya hata miili yetu. Baba hakusahau neno. Kila mgeni lazima aisikilize, atake asitake.

Mwezi uliopita jirani yetu Leonidasi alizika watoto wawili kwa homa. Watu wakaanza kutafuta mchawi, mmoja akasema mganga wa nini wakati mashine ya msomi ipo? Wakaja, wakasema atakayeliza milio mingi ndiye. Kila mtu alikalishwa karibu nayo kwa zamu, wote wakasali Baba Yetu mara moja huku milio inahesabiwa. Leonidasi alipata saba. Rosa, yule mjane, kumi na tano. Kesho yake nyumba yake ilichomwa. Amekimbia na khanga moja, hatujui aliko.

Nilimsihi baba aseme mashine haijui uchawi. Akanijibu kwamba mwanawe hakusoma miaka yote hiyo ili atengeneze kitu cha uongo. Nikatupa betri chooni, wakanunua nyingine.

Jumapili baada ya ibada ni zamu ya mama. Leonidasi amesema, "Na nyinyi wenyewe mukae, tusikie." Baba amekubali, tena kwa furaha!

Dereva wa shirika la wakimbizi ataituma barua hii kwa faksi leo. Jumamosi asubuhi nitamleta baba Kasulu, dukani kwa Gharibu. Piga simu hapo, uongee naye mwenyewe. Mwambie imeharibika. Mwambie lolote.

Jana baba alipokwenda shamba nilimkalisha mama, nikasali. Kumi na mbili. Kisha nikakaa mimi. Kumi na sita, kaka, kumpita Rosa. Nimeogopa kurudia. Wewe ndiye unayeijua hiyo mashine: mimi nina nini?

Msalimie wifi na watoto, lakini haya usiwaambie. Mama anakusalimu, yeye hana wasiwasi. Mungu akutunze huko, nasi atufikishe Jumatatu.

Mdogo wako akupendaye,
Esteri